Bi Kijiko na Supu ya Hatari

Shangazi yangu alikuwa analipwa kwa kula. Ukimwambia mtu hivyo anacheka, halafu anauliza kazi hiyo inaombwa wapi. Na mimi nilikuwa nacheka, kabla sijaanza kufuatana naye.

Gazeti la Jumapili lilikuwa na ukurasa wa vyakula, na ukurasa huo ulikuwa wake. Watu walimjua kwa jina la Bi Kijiko kwa sababu kila mgahawa aliingia na kijiko chake mwenyewe, cha chuma cha kawaida, kilichoanza kupinda shingoni, amekifunga kwenye leso ndani ya mkoba. Vijiko vya migahawa, alisema, vina maringo. Kimoja kizito kama nyundo, kingine kina ladha ya sabuni, na mtu akila kwa kijiko cha dhahabu hata maji ya moto anayaona matamu. Yeye alitaka kila supu ije mdomoni kwa njia ile ile.

Hakusomea mambo hayo. Ujana wake wote aliumalizia dirishani kwenye gazeti hilo hilo, akipokea matangazo ya vifo. Mtu anakuja analia, anataka marehemu wake aandikwe ukurasa mzima, na Shangazi anampunguzia maneno taratibu mpaka yanabaki yale ya kweli. Huko ndiko alikojifunza kuandika kwa ufupi na kutompamba mtu. Siku moja mgahawa mkubwa wa Kichina ulifunguliwa, mhariri akaalikwa, tumbo likamkamata asubuhi ile ile, na kwa bahati siku hiyo watu walikuwa hawajafa sana. Akatumwa Shangazi. Akala, akarudi, akaandika kwamba bata wa pale aliuawa mara mbili, mara ya kwanza na mchinjaji, mara ya pili na mpishi. Wasomaji wakacheka wiki nzima. Hakurudi tena dirishani.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Ni msusi, nina saluni ndogo yenye kioo kilichopasuka pembeni. Alinichukua kwa sababu mwanamke anayekula peke yake mgahawani anatazamwa sana, na kwa sababu tumbo langu halichagui. Jumatatu saluni inapooza, basi Jumatatu mchana tulikuwa tunavaa tunatoka. Tumekula kwa Wathai, tumekula kwa Wahindi wenye vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi kuliko shati la bwana harusi, tumekula kwa Wakorea wanaokuchomea nyama mbele yako moshi ukiingia wote kwenye nywele, na mimi ndiye ninayejua kazi ya kuutoa. Sitaki kutia chumvi, lakini nyingi ya sehemu hizo zilinichosha. Sahani kubwa kama beseni, chakula kimekaa katikati kama kuna mtu amekisahau. Mhudumu anakusimulia samaki alizaliwa wapi na akalelewa vipi, utadhani unaletewa mchumba. Nilikuwa nakula, nashukuru, na nikifika nyumbani naweka sufuria jikoni upya.

Shangazi hakuwa na dharau hiyo. Alionja, akafumba macho, akaweka kijiko chini. Hakuandika kitu pale mezani. Nilidhani ana kichwa kizuri tu, mpaka nilipojua chakula kile alikuwa anambebea nani.

Mume wake mtaa mzima ulimwita Refa, na sisi watoto wa nyumbani tukafuata mkumbo. Siku za kazi alikuwa fundi wa mita za maji, na mwisho wa wiki anavaa kaptula nyeusi anachezesha mechi za mitaani. Sauti yake ilikuwa inatoka uwanjani ikafika sokoni. Halafu koo likaanza kumkwaruza. Akasema ni vumbi. Akanywa asali, akanywa tangawizi, akanywa dawa ya kila mtu aliyekuwa na dawa. Alipokubali kwenda hospitali, daktari alitazama picha akavua miwani, nami nikajua hapo hakuna jema. Uvimbe ulikuwa umekaa mahali ambapo kisu hakifiki bila kuondoka na kila kitu. Wakampiga mionzi. Ikamwachia koo jembamba na sauti ya mtu anayenong'ona nyuma ya mlango.

Kula kukawa vita. Uji ulimchoma, maziwa yalimtokea puani, maji yalimpalia mpaka macho yakamtoka. Walitaka kumpitishia mpira tumboni, akatikisa kichwa. Alisema yeye si tangi. Daktari akamwambia Shangazi pembeni kwamba kwa hali ile, njaa itafika kabla ya ugonjwa. Mimi nilikuwepo. Alilisema taratibu na kwa adabu, na bado nilitamani kumrushia kiti.

Basi kila Jumatatu, tukitoka mgahawani, Shangazi alikwenda moja kwa moja chumbani. Anakaa kwenye stuli kando ya kitanda, viatu bado viko miguuni, anamwambia Refa alichokula. Mwenyewe Refa ndiye aliyeomba hivyo. Shangazi anaanza na rangi, anakuja kwenye harufu, halafu anamweleza kitu kilivyogusa ulimi na kilivyoshuka. Refa amefumba macho anasikiliza, na lile koo bovu linapanda na kushuka. Mara ya kwanza kuona vile nilitoka nje, nikasimama uani nikalia. Alikuwa anameza.

Chini ya mto aliweka kadi zake za uwanjani. Shangazi akimaliza kusimulia, Refa anatoa hukumu. Asipotoa kadi, mchezo unaendelea, chakula kilikuwa cha kawaida. Nyekundu ni chakula kilichoharibika moja kwa moja. Njano ilikuwa na kazi yake maalumu. Uwanjani, Refa hakuwachukia wacheza rafu kama alivyowachukia wale wanaojiangusha: mtu hajaguswa hata na upepo, anajitupa chini ameshika goti, anataka apewe penalti. Hao aliwapa njano bila mjadala. Basi na chakula kinachojifanya kilipata njano. Kamba wa kwenye barafu anayeitwa wa leo asubuhi, keki iliyonyunyiziwa unga wa kijani ikaitwa ya Kijapani, vyote njano.

"Kimejiangusha hicho," ananong'ona, anacheka bila sauti.

Chakula kizuri kupita kiasi hakikuwa na kadi. Kilikuwa na neno. Alitoka nalo uwanjani, kwenye kusimulia mabao: hatari. Kwake kulikuwa na mshambuliaji hatari, pasi hatari, na hata Shangazi siku ya harusi yao, alituambia mara nyingi, alikuwa hatari tupu. Juu ya neno hilo hapakuwa na lingine. Tangu augue, hakuna chakula kilichokuwa kimelipata.

Kesho yake Shangazi anaandika gazetini yale yale aliyoyasema kwenye stuli. Wasomaji walimsifu kwamba ukimsoma unashiba. Hawakujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Mgahawa wa Kijapani ulikuwa ghorofani, juu ya duka la mapazia. Mbao nyeupe, taa za karatasi, ukimya wa kukutia hofu ya kukohoa. Mpishi wake alitoka kwao kabisa, mwanamume mfupi mwenye mikono mikubwa, na Kiswahili alikisoma kwa mwalimu, kwa hiyo alikisema vizuri kuliko sisi na ilikuwa tabu kumwelewa. Vijiti vilinishinda, nikala kwa vidole, akajifanya hajaniona. Nikampenda kwa hilo.

Kati ya samaki mmoja na mwingine ikaja supu ya uyoga. Bakuli jeusi lenye kifuniko, ndani kitu cha rangi ya chai nyepesi. Mimi niliona maji. Shangazi akafungua leso, akachota, akaweka mdomoni, na kijiko kikabaki hewani. Akachota tena. Kisha akamwita mhudumu, akamwomba amwitie mpishi. Nikajua leo mtu anapewa nyekundu uso kwa uso.

"Ndugu mpishi," Shangazi akasema, "hii supu inashuka yenyewe."

"Ndiyo, mama. Haina haraka."

"Naomba kuibeba. Nina mgonjwa nyumbani hamezi kitu."

Mpishi hakusema kwamba utaratibu hauruhusu, ingawa haukuruhusu. Aliuliza mgonjwa anaumwa wapi. Shangazi akajishika koo. Mpishi akarudi jikoni, akakaa huko mpaka nikaanza kutazama mlango, na aliporudi alikuwa na chupa ya chai mkononi. Alikuwa ameichuja supu mara ya pili na kuitia unga kidogo wa kuifanya nzito, ili isimpalie. Chumvi, alisema, ameipunguza kwa ajili ya kidonda.

Siku ile Shangazi hakusimulia. Alikaa kwenye stuli, akamimina kifunikoni, akamlisha Refa kwa kile kijiko. Tulisubiri akohoe. Hakukohoa. Akafungua mdomo tena, na tena, mpaka kifuniko kikakauka. Machozi yalikuwa yanamtiririka kuelekea masikioni, maana alikuwa amelala chali.

"Hatari," akasema.

Neno hilo ndilo lililokuwa chanzo cha yote.

Shangazi aliandika ukurasa wake, na ndani yake akaweka sentensi hii: Supu ya uyoga ya pale ni hatari. Mhariri akampigia simu, nami nilikuwa pembeni namsuka.

"Bi Kijiko, hilo neno tulitoe. Tuweke 'tamu mno'."

"Usiliguse."

"Wazee wataelewa vibaya."

"Wazee nimewatangaza wote mimi pale dirishani. Waliobaki wanaelewa."

Akakata simu, akaniambia nisimvute sana nywele. Kwa miaka yote alikubali mhariri amkate anapotaka. Neno hilo moja hakukubali, kwa sababu halikuwa lake.

Jumatatu iliyofuata tulimkuta mpishi amesimama mlangoni na gazeti. Uso umemparama.

"Mama Kijiko, nimekukosea nini?"

"Kwani vipi tena?"

"Umeandika kwamba supu yangu ni hatari. Neno hili ninalifahamu. Limeandikwa kwenye transfoma, nyuma ya jiko langu. Limechorewa fuvu la kichwa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Shangazi akamkalisha chini, akamweleza kama anavyoelezwa mtoto: kuna hatari ya kukimbia na kuna hatari ya kukimbilia, na hii ni ya kukimbilia. Akamwambia neno limetoka kwa nani. Mpishi akalirudia polepole, akilionja. Alipolielewa akainama kwa Shangazi mpaka kiunoni.

Halafu akafanya kosa ambalo mtu mwenye lugha yake asingelifanya. Aliagiza kibao cha mbao, kikachongwa kwa herufi nyeusi, akakitundika mlangoni: SUPU YA UYOGA NI HATARI. BI KIJIKO. Shangazi alipokiona alikunja uso kidogo.

"Ungeongeza 'kwa utamu', ndugu yangu."

"Hapana, mama. Mimi sasa ninasema kama watu."

Wateja walikipenda. Vijana walipiga picha chini yake wametoa ndimi nje kama wamekufa. Meza zikajaa, na kila mchana nilifunga saluni kidogo nikapanda kwa mlango wa jikoni kuchukua chupa. Refa akarudisha mashavu. Hayakuwa ya zamani, lakini wembe ulikuwa na mahali pa kupita. Alianza kukaa kitandani, akaanza kubishana na redio kuhusu penalti. Daktari alimpima uzito akavua miwani, na safari hii ilikuwa kwa jema. Sote tulijua uvimbe uko pale pale. Lakini njaa tulikuwa tumeikimbiza, na Shangazi akaanza kuimba jikoni, sauti mbaya ajabu.

Kisha familia moja, mbali na kwetu, ilichuma uyoga porini ikapika. Walikufa, watoto kwa wazazi. Ilitangazwa kwenye taarifa ya habari na kila mtu akashika kifua. Kabla jua halijazama, picha ya kile kibao ikaanza kutembea kwenye simu. Kibao tu. Mlango hauonekani, wateja hawaonekani, gazeti halipo. SUPU YA UYOGA NI HATARI. Chini yake mtu kaandika: wenyewe wamekiri, na bado wanauza.

Niliipata picha hiyo kutoka kwa mteja wangu niliyemsuka asubuhi ile ile, mwanamke anayejua kusoma, anayemjua Bi Kijiko, anayejua hatari ni nini kwa sababu ndivyo alivyoniambia kuhusu nywele zake alipojitazama kwenye kioo. "Mko hatari hapa," alisema. Saa chache baadaye ananitumia picha na kile kiuso kinacholia. Nikampigia. Akasema, "Mimi nimetuma tu, huwezi jua." Huwezi jua! Mpaka leo simsuki, na akipita saluni kwangu anatazama upande mwingine.

Watu wa afya walikuja wakafunga jiko. Walipima uyoga, wakapima maji, wakapima hata mpishi mwenyewe. Hawakuona kitu, na waliandika hivyo kwa muhuri. Lakini huo muhuri haukutembea kwenye simu ya mtu yeyote. Shangazi akaandika ukurasa mzima kufafanua neno lake. Wakasema amenunuliwa. Akaenda kwenye ngazi za mgahawa, akanywa mabaki ya chupa ya mwisho kwa kijiko chake mbele ya simu yangu, nikairusha mtandaoni. Wakasema wachawi huwa hawalogeki kwa uchawi wao. Wengine walicheka tu, na hao ndio walioniuma zaidi.

Chupa zikakatika siku jiko lilipofungwa. Refa hatukumwambia ukweli. Tulisema mpishi kasafiri kwao, kuna msiba. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akageukia ukuta. Shangazi alijaribu supu ya kuku iliyochujwa, ya mboga, ya mifupa. Kila kitu kilimpalia. Mashavu yakaondoka haraka kuliko yalivyokuja.

Jiko liliporuhusiwa kufunguliwa tukapanda wote wawili, kwa mlango wa nyuma. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Kibao kilikuwa kimeng'olewa, matundu ya misumari yamebaki. Mpishi alikuwa amekaa juu ya kreti, na sufuria ya supu ilikuwa inachemka nyuma yake. Harufu yake niliijua kabla sijaiona.

"Nimeleta chupa," Shangazi akasema.

Mpishi akasimama. Hakuipokea.

"Mama, siwezi."

"Huwezi nini? Supu si ile inachemka?"

"Mumeo ni mgonjwa sana."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

"Je, akifa?"

"Atakufa. Daktari alishasema zamani."

"Atakufa," mpishi akasema, "na chupa yangu itakuwa kando ya kitanda. Watapiga picha. Mwenye mgahawa amekataza, mama. Hata tone."

Shangazi alisimama na chupa mkononi kama aliyesahau kilichomleta. Mimi nilimtukana yule mwanamume. Nilimwita majina ambayo mwalimu wake wa Kiswahili hakumfundisha, na nadhani aliyaelewa yote. Alikuwa na hofu, na mbaya zaidi, hofu yake ilikuwa na akili. Nilipoishiwa maneno nikaona analia, na hilo halikunipunguzia hasira hata kidogo.

Shangazi akashuka ngazi na chupa tupu. Alipitia sokoni akanunua uyoga, akanunua mwani mkavu kwenye duka la vyakula vya kigeni, akaingia jikoni akafunga mlango. Ulimi wake uliikumbuka ile supu yote, ila mikono haikuwahi kuipika. Sufuria ya kwanza aliimwaga, ya pili nayo akaimwaga. Ya tatu aliichuja kwa kitambaa safi, akatia unga kidogo, akaonja, akatazama dirishani muda mrefu. Akaimimina kwenye ile chupa ya mgahawa. Kisha akavaa viatu vya kutokea, na mkoba akautia begani, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akaenda chumbani kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.

"Mpishi amerudi," akamwambia Refa. "Anakusalimu."

Refa alifungua macho. Alikuwa amebaki macho na pua. Shangazi akamwinua kichwa, akamlisha kijiko cha kwanza. Refa aliishika supu mdomoni bila kuimeza, akaisikiliza. Sijawahi kumwona mtu akionja hivyo, katika migahawa yote tuliyoingia. Kisha akameza, uso ukamkunjana, na mkono wake ukaingia chini ya mto.

Nilijua itakuwa nyekundu. Shangazi naye alijua, maana aliinamisha kichwa.

Ilikuwa njano. Refa aliiinua kadiri mkono ulivyoweza, haikufika mbali.

"Umejiangusha," akanong'ona.

Shangazi akafunika uso kwa leso ya kijiko, mabega yakawa yanatikisika. Refa akaweka kadi kifuani, akamgusa goti, akafungua mdomo apewe kingine. Alimeza vichache, kwa shida, vikimchoma na sisi tukiona vinamchoma, mpaka kimoja kikampalia akashindwa. Baada ya hapo hakumeza tena kitu chochote.

Alifariki Jumapili asubuhi. Gazeti lilikuwa limeletwa, na mahali pa ukurasa wa Shangazi palikuwa na tangazo la magodoro. Tangazo la kifo aliliandika mwenyewe, na hakulipunguza hata neno, kwa sababu lilikuwa na maneno manne tu.

Siku ya mazishi, watu walipotoka makaburini wakajaa uani kwenye viti vya kukodi. Nilikuwa napitisha chai nikamsikia jirani wa geti jeusi akimwambia mwenzake, kwa sauti ile ya chini inayotaka kusikika, "Si alikuwa anakunywa ule uyoga? Mimi niliziona chupa zinaingia kila siku." Mwenzake akasema ee, akaweka kikombe chini. Ikapita kiti kwa kiti, nikaiona inavyopita, vichwa vinainama na kuinuka. Nilitaka kuwamwagia birika. Shangazi alikuwa amekaa karibu na mlango, na alisikia pia, kwa maana alifunga macho.

Hapo ndipo mpishi alipoingia. Alikuwa amevaa suti isiyomtosha na mkononi ana chupa. Ua mzima ukageuza vichwa. Alipita katikati ya viti bila kumtazama mtu, akasimama mbele ya Shangazi akainama.

"Mama Kijiko, pole."

"Umeleta nini?"

"Supu. Ni yake. Nimeipika mimi, nyumbani kwangu." Akamnyooshea chupa. "Nilikataa kwa sababu niliogopa atakufa."

"Kufa angekufa tu, ndugu yangu," Shangazi akasema, kwa ile sauti yake ya dirishani, bila kelele. "Lakini angekufa ameshiba."

Mpishi akabaki ameinama. Hakuna aliyemwambia ainuke.

Shangazi akachukua chupa mikononi mwake. Akafungua mkoba, akafungua leso, akatoa kijiko. Alimimina kifunikoni akaanza kunywa pale pale, mbele ya watu wote, bila haraka, kijiko baada ya kijiko. Jirani wa geti jeusi alirudisha kiti chake nyuma. Walikuwa wanamtazama wakisubiri aanguke. Hakuanguka. Alikunywa mpaka chupa ikaisha, akafuta kijiko, akakifunga kwenye leso, na toka siku hiyo hajaandika tena habari za chakula.